Shajara ya mradi: kutafuta vilivyozikwa katika udongo wa Dodoma, Septemba hadi Mei

Swali la mradi ni moja. Timu ikishapita eneo na vyombo vyake na kumwambia mpelelezi "hapa hapana", neno hilo linasimama juu ya nini? Kitu kikipatikana hakuna ubishi: kinafukuliwa, kinapigwa picha, kinaandikwa. Kisipopatikana ndipo kazi ya mwanajiolojia wa jinai inapopimwa, kwa sababu ndugu wanaomtafuta mtu wao, au hakimu anayesubiri silaha iliyotajwa kwenye kesi, wataishi na jibu hilo.

Takwimu nyingi zinazotumika katika kazi hii zimetoka kwenye udongo wa Ulaya na Marekani, wenye unyevu karibu mwaka mzima. Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza kimezika nguruwe badala ya miili ya watu na kuwafuatilia kwa miaka kwa rada inayotuma mawimbi ardhini na kwa vipimo vya ukinzani wa umeme, yaani jinsi udongo unavyouzuia umeme kupita. Matokeo yake ni mazuri, lakini ni ya ardhi ya Keele. Dodoma imekaa juu ya miamba ya graniti ya kale sana, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mvua ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miteremko ina udongo mwekundu wa kichanga, na mabonde yana mbuga, yaani mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ni ardhi mbili tofauti, mara nyingine umbali wa kutembea kwa miguu tu. Kwa hiyo tumetenga viwanja viwili vya mita 20 kwa 10, kimoja chekundu upande wa Hombolo na kingine cha mbuga upande wa Bahi. Tumezika vitu tunavyovijua, na tunaandika kila chombo kinaona nini, kinakosa nini, na katika majira gani.

Septemba, wiki ya 1 na 2. Kazi ya mezani

Hakuna chombo kilichotoka kwenye sanduku. Tumekusanya ramani za jiolojia za vipande vya robo digrii, ramani za sura ya nchi za 1:50,000, na picha za setilaiti za miaka iliyopita. Picha zinalinganishwa mwezi kwa mwezi, Septemba na Septemba, si Septemba na Februari. Ukilinganisha kiangazi na masika kila kitu kinaonekana kimebadilika, na shimo jipya linapotea katikati ya majani.

Kwenye picha tunatafuta vitu vitakavyotudanganya baadaye. Mtaro wa bomba la maji, zizi la zamani, tembe iliyoanguka, tanuri la mkaa. Katika nyika ya Dodoma kuna makazi mengi yaliyoachwa watu walipohamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Jikoni palipoungua kwa miaka udongo hushika usumaku, na palipokuwa zizi nyasi huota kijani kuliko pembeni mpaka leo. Vyote viwili kwenye data hufanana na kaburi lisilo rasmi. Dawa yake ni kuuliza. Mwenyekiti wa kitongoji anajua mipaka, lakini wachungaji ndio wanaojua ardhi. Mzee aliyechunga hapo tangu utoto atakuonyesha tembe tatu ambazo setilaiti haikuonyesha hata moja. Maelezo yake yanaingia kwenye ramani kwa nukta za GPS kabla ya kitu kingine chochote.

Septemba, wiki ya 3. Kuchomachoma ardhi

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo iliyotupa faida kubwa kwa gharama ndogo. Mwanajiolojia Mwingereza Laurance Donnelly amesisitiza katika mbinu zake za utafutaji kwamba lazima ujue ardhi inachimbika kiasi gani kabla ya kuamua utafute wapi. Anayeficha kitu usiku, peke yake, ana jembe na chepe, hana mtalimbo. Atachimba panapochimbika.

Tumetumia fimbo ya chuma ya mm 10, urefu sm 120, yenye mpini wa T na ncha butu. Ncha kali inapasua mizizi na kumpa anayesukuma hisia ya uongo ya ulaini, na katika kazi halisi inaweza kuharibu mabaki. Inasukumwa kwa uzito wa mwili, haigongwi kwa nyundo. Tumechoma kila mita 2 na kuandika kina ilipogoma.

Kiwanja chekundu kiligoma kati ya sm 35 na 45 karibu kila mahali, kwenye tabaka lililokauka na kushikana kama sementi hafifu, na chini yake kuna moramu. Palipopita sm 80 ni sehemu mbili tu: ukingo wa korongo dogo lenye mchanga uliosombwa, na mahali ambapo mhanga alichimba kutafuta mchwa. Lile la mhanga limeandikwa kwa herufi kubwa, maana shimo la mnyama lililojifukia lina kila dalili ya shimo la binadamu. Udongo umechanganyika, ni laini, na majani juu yake ni tofauti. Tofauti ipo pembeni: mhanga huingia kwa mshazari, jembe hukata wima.

Kwenye mbuga fimbo ilitudanganya kabisa. Nyufa za kiangazi zina upana wa sm 3 hadi 5 juu, na fimbo ikitumbukia kwenye ufa inazama mpaka mpini bila nguvu. Sentimita 20 pembeni inagoma sm 10 tu. Ramani ya uchimbikaji ya mbuga ya kiangazi haina maana, na hatutaitumia.

Septemba, wiki ya 4. Usomaji wa awali

Kabla ya kuzika kitu lazima ujue ardhi ilisemaje ilipokuwa haijaguswa. Kila kiwanja kimesomwa hivi. Rada ya ardhini ya MHz 400, mistari 41 ya urefu wa mita 20 kila sm 25, kisha mistari 41 ya kukata ya mita 10 kila sm 50, jumla mita 1,230. Magnetomita, yaani kipimo cha usumaku, yenye vihisi viwili, kimoja juu ya kingine, mistari 21 kila nusu mita, nukta kila sm 25, jumla nukta 1,701. Ukinzani wa umeme kwa jozi ya elektrodi (vichomeo vya chuma vya kupitisha umeme) zilizoachana sm 50 kwenye gridi ya nusu mita, nukta 861, na jozi ya pili imesimikwa mita 15 nje ya kiwanja. Jozi hiyo ya pili isiwe karibu kuliko mara 30 ya nafasi kati ya elektrodi, la sivyo usomaji hubadilika kwa sababu tu unaisogelea.

Yaliyoharibika wiki hii:

Vigingi vya mwanzo vilikuwa vya nondo. Magnetomita ilisoma vigingi, si ardhi, na siku nzima ikarudiwa. Vya mti navyo vililiwa na mchwa ndani ya wiki mbili. Vilivyobaki ni vipande vya bomba la plastiki la nusu inchi, sm 40, vilivyozamishwa mpaka sm 5 juu ya ardhi.

Mshika magnetomita alikuwa na buti zenye chuma ndani ya soli. Sasa anavaa malapa au raba, bila mkanda, bila simu, bila funguo. Bodaboda ikipita barabarani karibu, mstari unarudiwa.

Kihisi cha chini kilibebwa sm 60 juu ya ardhi. Kwa kitu kidogo, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya usumaku hushuka mara nane. Kilichozikwa sm 60 kikisomwa toka sm 60 juu, umbali ni sm 120. Kihisi kikishushwa hadi sm 30 umbali ni sm 90, na kihisi hicho kinapokea ishara kubwa karibu mara 2.4. Sasa kinabebwa sm 30, na nyasi zinafyekwa kwanza kwa mkono.

Oktoba, wiki ya 1. Kuzika

Ruhusa ya serikali ya kijiji na ya ofisa mifugo imepatikana kwa maandishi. Kila kiwanja kina mashimo saba na eneo moja lisiloguswa lenye ukubwa uleule. Nguruwe wa kilo 45 bila kitu juu yake, kina sm 60. Nguruwe wa uzito huohuo amefungwa kwenye turubai la plastiki, kina kilekile. Panga moja limelazwa sm 30. Bomba la chuma la urefu wa sm 90 limefungwa nailoni, sm 40, badala ya mtutu wa bunduki. Tranka la bati, sm 60. Dumu tupu la plastiki la lita 20, kifuniko kimekazwa, sm 80. Shimo la saba limechimbwa na kufukiwa bila kitu, na kwetu ndilo la thamani zaidi kuliko yote, kwa sababu vyombo vingi havioni kitu kilichozikwa, vinaona kovu la kuchimba. Bila shimo tupu huwezi kujua kipi ni kipi.

Mashimo yalichimbwa kwa jembe na chepe, sio kwa mashine, na udongo ulirushwa pembeni bila kupangwa kwa tabaka, jinsi mtu mwenye haraka angefanya. Aliyezika hakuwa miongoni mwa watakaosoma data. Ramani ya mashimo imefungwa kwenye bahasha na kutiwa saini juu ya gundi.

Hesabu ya udongo uliobaki ni muhimu kwa mtu wa uwanjani. Shimo la sm 180 kwa 60 kwa 60 linatoa mita za ujazo 0.65. Udongo ukivunjwa unavimba. Kwa asilimia 20 unabakiwa na lita 130, yaani madebe sita na nusu ambayo hayarudi shimoni. Kilo 45 za nguruwe zinaongeza zaidi ya debe mbili. Aliyeficha lazima arundike, atawanye au abebe. Kwenye udongo mwekundu moramu ya rangi ya machungwa toka chini inabaki juu ya mchanga wa kahawia, na doa hilo la rangi linaonekana kwa macho hadi mvua zilioshe. Watafutaji wengi wanatafuta tuta. Tafuta rangi kwanza.

Fisi na mbwa wangefukua usiku wa kwanza. Wavu wa chuma haufai, unafunika kila usomaji. Kiwanja kimezungushiwa boma la miiba ya migunga, safu mbili, na juu ya mashimo ya nguruwe kumewekwa magogo yanayoondolewa siku ya kusoma. Limetosha mpaka sasa.

Oktoba, wiki ya 2 hadi 4. Kiwanja chekundu, kikavu

Rada haipimi kina, inapima muda. Kina ni kasi mara muda, gawanya kwa mbili. Kasi haichukuliwi kwenye jedwali, inapimwa papo hapo. Tumechoma kipande cha nondo cha mm 16 kwa ulalo kwenye ukuta wa shimo la pembeni, sm 50 chini, na kupitisha rada juu yake kwa kukata. Nondo huchora tao. Kilele cha tao kilikuwa nanosekunde 7.7, na nusu mita pembeni tao limeshuka hadi 10.9. Kasi ni mara mbili ya umbali wa pembeni, gawanya kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya miraba ya nyakati hizo mbili: mita 1 kwa 7.7, yaani mita 0.13 kwa nanosekunde. Huo ni udongo mkavu wa kichanga. Kwa antena ya MHz 400 urefu wa wimbi humo ni sm 32, na vitu viwili vilivyopangana chini ya sm 8 vitaonekana kimoja.

Sifuri ya muda isahihishwe kwanza. Kosa la nanosekunde 2 ni sm 13 za kina, na hizo zinatosha kumpeleka mchimbaji chini ya kitu akidhani bado yuko juu yake.

Kilichoonekana (kwa majina tuliyojaza baada ya bahasha kufunguliwa Machi): dumu tupu ndilo lililong'aa kuliko yote kwenye rada, ingawa magnetomita haikulijua. Hewa ndani ya dumu hurudisha wimbi kwa mwelekeo uleule, metali huligeuza. Tazama kama mstari wa kwanza wa tao ni mweupe au mweusi ukilinganisha na lile la nondo, utajua kama chini kuna uwazi au chuma. Tranka limeonekana kwa vyombo vyote. Nguruwe wa turubai ameonekana vizuri. Nguruwe asiyefungwa ameonekana kwa shida, na picha yake haina tofauti na ya shimo tupu: tabaka gumu la sm 40 limekatika, basi.

Bomba la chuma lilionekana kwenye mistari ya mita 20 na kupotea kwenye mistari ya kukata. Si hitilafu ya chombo. Chuma chembamba kirefu hurudisha wimbi kwa nguvu kikilala sambamba na waya wa antena, na hufifia kikikaa kinyume chake. Aliyepita mwelekeo mmoja tu ana nafasi nzuri ya kuupita mtutu wa bunduki bila kuuona. Kwa hiyo kwenye kazi ya silaha mistari ya pande mbili ni lazima.

Panga lilikosekana kwenye rada. Upana wa bapa ni sm 5 na mistari imeachana sm 25. Limepatikana kwa kigunduzi cha metali, lakini baada ya kengele kumi na moja za uongo za kokoto za moramu. Kokoto hizo zina madini ya chuma, na kigunduzi kisiposawazishwa juu ya ardhi hiyohiyo kinapiga kelele kila hatua.

Kuhusu magnetomita: sisi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, na uga wa dunia hapa ni takriban nanotesla 33,000 hadi 34,000, ukielekea juu badala ya chini. Kitu cha chuma kinatoa doa la jozi, chanya upande wa kaskazini na hasi upande wa kusini, na kitu chenyewe kiko kati ya viwili hivyo. Ukichimba kwenye kilele chanya kama vielelezo vya Ulaya ya kaskazini vinavyokuzoesha, utachimba pembeni. Tahadhari moja: chuma kilichopitia moto au kufuliwa kina usumaku wake wa kudumu, na jozi yake inaweza kukaa upande wowote.

Ukinzani ulisumbua kwa sababu ya ukavu. Elektrodi kwenye mchanga mkavu haishiki ardhi, na namba zinarukaruka. Kikombe kimoja cha maji ya kawaida kwa kila kichomeo, dakika mbili kabla, kimetuliza usomaji. Maji yasiwe na chumvi, maana chumvi inabaki ardhini na kuwa doa la mwezi ujao. Usomaji wa kulinganisha kwa mpangilio wa elektrodi nne zilizoachana nusu mita ulitoa om 120, mara 3.14 (pai mara mbili ya nusu mita), yaani ukinzani wa om-mita 377. Ardhi ya namna hiyo ni rafiki wa rada.

Novemba. Mbuga, kabla ya mvua

Kwa ufupi, rada imeshindwa. Mfinyanzi unapitisha umeme na kulimeza wimbi. Kwenye om-mita 500 rada hupoteza takriban desibeli 1.5 kwa kila mita. Kwenye om-mita 10, kama ya hapa chini ya nyufa, hupoteza takriban 40. Chini ya sm 40 hakuna kitu kwenye picha ila mikwaruzo ya nyufa. Magnetomita imefanya vizuri kuliko ilivyofanya kwenye kiwanja chekundu, kwa kuwa hakuna moramu: tranka na bomba vimeonekana wazi, panga kwa uhafifu. Dumu na nguruwe wote wawili hawajaonekana kwa chombo chochote.

Desemba hadi Februari. Mvua

Baada ya mvua kubwa ya kwanza mashimo yote saba ya kiwanja chekundu yametitia, sm 4 hadi 9 katikati, na pembeni kuna ufa mwembamba unaozunguka. Aliyezika kiangazi akaacha tuta, mvua imemuumbua. Mwezi wa kwanza wa masika ndio wakati bora wa kutembea kwa miguu, asubuhi jua likiwa chini, vivuli virefu. Tumepiga picha kwa droni saa 12:40 asubuhi kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mashimo sita kati ya saba yanahesabika kwenye picha. Saa sita mchana halionekani hata moja.

Rada sasa inahitaji kasi mpya. Nondo ileile ya sm 50 imehama toka nanosekunde 7.7 hadi 10.5, kasi mita 0.095. Anayetumia kasi ya kiangazi ataandika sm 68 kwa kitu kilicho sm 50.

Ukinzani ndio uliogeuka kabisa. Nguruwe asiyefungwa, ambaye Oktoba hakuwa na tofauti na shimo tupu, sasa ana doa la ukinzani mdogo lililotambaa karibu mita moja upande wa mteremko. Maji ya mvua yamesomba majimaji yenye chumvi yatokayo kwenye mwili, na tabaka gumu limeyazuia yasizame, yakateleza juu yake. Shimo tupu halina doa hilo. Nguruwe wa turubai ana doa kinyume, ukinzani mkubwa, kwa sababu plastiki inazuia umeme na inafunga majimaji ndani. Ndivyo ilivyokuwa pia Keele: ukinzani kwa asiyefungwa, rada kwa aliyefungwa. Tofauti ni kwamba hapa ukinzani ulisubiri mvua. Ombi la kusoma ukinzani mwezi wa Septemba Dodoma lipelekwe mbele mpaka Januari kama kesi inaruhusu.

Na kwa sababu doa limetambaa, uchimbaji uanze upande wa juu wa mteremko. Katikati ya doa hakuna kitu.

Mbuga imefunga nyufa zake na kuvimba. Titio hakuna hata moja. Udongo wenyewe umejisukasuka na kufuta kingo za mashimo. Ukinzani uko om-mita 5 hadi 10 kila mahali, na majimaji ya nguruwe hayawezi kujitofautisha na ardhi ambayo tayari inapitisha umeme kama yenyewe.

Machi. Kufungua bahasha na kufukua

Wasomaji wa data waliweka alama tisa kwenye kiwanja chekundu. Saba ni sahihi, moja ni mzizi wa mbuyu ulioko mita 14 nje ya kiwanja, na moja ni mhanga. Mzizi wa mbuyu husambaa mbali na karibu na uso wa ardhi, umejaa maji, na kwa rada unafanana na bomba. Ulitambulika kwa kuufuata kwenye mistari sita mfululizo. Mtutu wa bunduki haufiki mistari sita. Kwenye mbuga waliweka alama nne. Tatu ni sahihi, zote za chuma.

Tumefukua panga la kiwanja chekundu na nusu ya shimo tupu. Utaratibu: picha yenye rula na mshale wa kaskazini, kamba katikati ya doa, nusu moja tu inachimbwa kwa mwiko, kila sm 10 ni tabaka lake, nusu ya pili inabaki kama ukuta wa kusoma. Udongo wa kila tabaka unapita kwenye chekeche la mm 5. Ukuta wa tabaka gumu bado una alama za jembe, upana wa bapa na pengo dogo kwenye makali vinaonekana. Picha zimepigwa kwa mwanga wa pembeni na alama mbili zimechukuliwa kwa plasta. Kwa kesi halisi alama hiyo ingelinganishwa na jembe lililokamatwa, na inapotea kabisa mchimbaji akitumia sururu kufika haraka.

Sampuli za udongo: tano za ndani ya shimo kwa kina tofauti, tatu za ukutani, nne za ardhi isiyoguswa mita 10 pembeni, kijiko kikubwa kila moja, kwenye bahasha za kaki. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu na udongo unaota ukungu. Rangi imesomwa kwa kitabu cha Munsell cha vielelezo vya rangi za udongo, udongo ukiwa mkavu kisha ukiwa na unyevu, kivulini. Mchanga mwekundu una madini ya kwazi na felspa za graniti zenye kingo kali. Mbuga karibu yote ni mfinyanzi. Udongo ulioganda kwenye panga au kiatu, kwa viwanja hivi viwili, unatofautishwa kwa kidole kabla ya hadubini.

Chekeche limegoma kwenye mbuga. Mfinyanzi mbichi unaziba matundu, ukiachwa ukauke unakuwa tofali. Njia iliyofanya kazi ni kuuloweka usiku kucha kwenye pipa la maji, kisha kuumimina juu ya chekeche la mm 5 na chini yake la mm 2, kwa maji ya kumwagia tu bila kusugua. Debe moja linakula takriban madebe manne ya maji, hivyo gari la maji liwepo kwenye bajeti.

Aprili na Mei. Maneno ya ripoti

Kazi iliyobaki ni ya lugha. Ripoti yenye mstari "eneo limekaguliwa, hakuna kilichopatikana" hatuitoi tena. Kila mraba wa ramani unaandikiwa chombo kilichopita, nafasi ya mistari, mwezi, kina kilichofikiwa, na kitu kidogo kabisa ambacho kingeonekana hapo. Mraba mwekundu uliosomwa Januari unaandikwa hivi: "Rada ya MHz 400, mistari ya sm 25 pande mbili, hadi sm 120, ukinzani gridi ya nusu mita. Shimo la ukubwa wa mwili wa mtu mzima lingeonekana kwa angalau njia mbili. Panga na silaha ndogo zaidi hazijaondolewa." Mraba huo unapakwa kijani kwa mwili na njano kwa silaha, kwenye ramani mbili tofauti.

Mraba wa mbuga unaandikwa hivi: "Magnetomita, mistari ya nusu mita. Kitu cha chuma cha ukubwa wa tranka hadi sm 60, au bomba la sm 90 hadi sm 40, kingeonekana. Mwili, uliofungwa au usiofungwa, usingeonekana kwa njia yoyote iliyotumika." Unabaki mwekundu kwa mwili, hata kama umepitiwa mara tano. Kwenye miraba hiyo pendekezo tunaloandika ni mitaro ya kukata kwa mkono, upana sm 60, kila mita 1.5, sm 10 kwa sm 10, Juni au Julai, udongo ukiwa umekauka vya kutosha kukatika na kabla nyufa hazijafunguka.

Mashimo kumi na mawili ambayo hayajaguswa yanabaki ardhini. Usomaji unaofuata ni Oktoba, vigingi vimekaguliwa, na miiba ya boma la mbuga inabadilishwa wiki ijayo.